Jiwe Lililopata Mwenyewe

Montevideo, 5 Agosti 2003

Mwanangu Eulalia,

Nakusalimu wewe, na mdogo wako Nemesio, na mama yenu kama goti lake bado linamruhusu kutoka nje kuota jua. Barua yako ya Mei nimeipata juzi, imelowa pembeni lakini inasomeka. Nimefurahi kusikia alpaka wamezaa vizuri. Nimesikitika kwamba viazi vimeoza tena shambani.

Mimi ni mzima kwa kadiri mtu wa miaka sabini na mbili anavyoweza kuwa. Sikio la kushoto limekufa kabisa na la kulia linaumwa, kwa hiyo usinihimize tena nikupigie simu kule wilayani. Ningekuwa nasikia bahari tu. Bibi Ofelia, ninayepanga kwake, ananipikia mchuzi wa utumbo kila Alhamisi na ananigombeza kwa sababu ya vitabu vilivyojaa hadi kitandani.

Unaniuliza nafanya nini siku nzima tangu nistaafu kujalidi vitabu pale maktaba. Naandika. Usicheke. Naandika habari za dunia ambayo haikuwapo: dunia ambayo baruti haikugunduliwa na mtu yeyote. Vita vingekwendaje? Silaha zingekua vipi? Nilimweleza rafiki yangu Don Severino, mzee wa Galisia tunayecheza naye karata. Akaniambia, "Wewe Mperu, bila baruti watu wangeuana kwa mkate mkavu." Huenda ni kweli. Lakini mimi nafikiri mkono wa binadamu huchoka, na mkono uliochoka hushuka, na jioni watu hurudi nyumbani. Bunduki haichoki.

Wewe umekua ukiona mapigano ya uwanja wa Suyumoko kila Januari, kwa hiyo huwezi kujua ilivyo ajabu kwa mtu wa mbali. Nikiwasimulia hapa kwamba kijiji chetu cha Kochapata na jirani zetu wa Waylani hukutana uwanjani kila mwaka kupigana kwa makombeo, kwamba adhuhuri husimama wakala na kunywa, kisha wakaendelea, wananitazama kama mwongo. Nikiwaambia kwamba mtu akifa tunamshukuru kwa kuilisha ardhi, na kwamba hakuna anayeuliza lilikuwa jiwe la nani, wanasogeza viti. Lakini mimi naona hiyo ndiyo sheria ya busara kuliko zote nilizosoma. Mawe mengi hewani kwa wakati mmoja. Hata aliyerusha hajui. Basi hakuna wa kulipizwa kisasi.

Unaniuliza pia kwa nini niliondoka. Ulikuwa wakati wa vita, mwanangu. Watu wengi waliondoka.

Sasa neno lenyewe. Nataka kurudi. Mwakani baada ya Pasaka, mvua zikikoma. Sitaki makubwa: kile chumba cha nyuma alichokuwa anawekea baba yako majembe, kikiezekwa upya, kinanitosha. Na kama inawezekana, kitobolewe dirisha upande wa Suyumoko.

Baba yako mdogo,
Leoncio Yucra

*

Kochapata, 21 Septemba 2003

Baba Mdogo, shikamoo.

Hapa sote hatujambo ila mama, goti lake limekuwa nabii, linatangaza mvua ambayo haiji. Anakusalimu. Nilipomsomea kwamba unarudi alinyamaza, akaenda kuwatazama kuku, akarudi macho mekundu, akasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimika.

Chumba tumeanza. Nemesio amekata nyasi za kuezekea kule juu, na dirisha ameshalitoboa, kubwa kuliko ulivyotaka kwa sababu tofali lilianguka. Anasema, "Mwambie Baba Mdogo nimemwekea dirisha la kanisa, alete na kengele." Ndivyo alivyo. Bado hajaoa. Wasichana wameondoka, atamwoa nani, kondoo?

Hilo ndilo neno ninalotaka kukuambia. Watu wametuishia. Vijana wameshuka Arequipa na Lima, wengine wako migodini. Januari iliyopita tulisimama Suyumoko wazee, wanawake na wachache kama Nemesio. Waylani wao wamebarikiwa, barabara imepita kwao, vijana wao hurudi kwa basi. Walitufukuza hadi mtoni. Wanawake wao wakatuimbia, "Kochapata leteni babu zenu, tutawabebea fimbo!" Ni mwaka wa tatu tunashindwa, na mwaka wa tatu viazi vinaoza. Wewe unaweza kusema ni ukungu wa mimea. Mzee Fabián, mkuu wetu wa kijiji, anasema ardhi inampa chakula anayeilisha.

Nemesio ameisoma barua yako mara nyingi. Anauliza, hizo silaha ambazo zingekuwapo bila baruti ni zipi? Zinafananaje? Ukiwa na nafasi mchoree mojawapo. Ni kutaka kujua tu. Unajua anapenda mbao.

Kombeo la baba bado nalisuka upya linapokatika. Ukija utalikuta.

Mwanao,
Eulalia

*

Montevideo, 26 Oktoba 2003

Mwanangu Eulalia,

Salamu kwenu wote, na kwa fundi wa madirisha ya kanisa. Bibi Ofelia ameanguka ngazini lakini hakuvunjika kitu isipokuwa sahani. Don Severino amelazwa, kifua. Nacheza karata peke yangu na bado napoteza.

Swali la Nemesio limenifurahisha kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu. Ni miaka sasa hakuna aliyeniuliza swali.

Mwambie hivi. Bila baruti, watu wasingekaa na mikuki milele. Wangetafuta nguvu mahali pengine. Upinde ungekua: wa mbao, kisha wa pembe na mishipa ya wanyama, kisha wa chuma cha pua kinachokazwa kwa gurudumu. Ngome zingebaki na kuta ndefu nyembamba, maana kuta fupi nene tunazoziona leo zilijengwa kwa kuogopa mizinga. Mashujaa waliovaa chuma mwili mzima wangeendelea kuvaa, na vyuma vingezidi kuwa vyepesi. Kisha mtu fulani mwenye akili ya uhunzi angeufungia upepo ndani ya chupa ya shaba, akaurusha mshale kwa pumzi hiyo. Mwingine angetumia mvuke. Wengine wangepanda maputo makubwa ya hewa moto na kudondosha mawe na moto kutoka mawinguni. Sisemi wangekuwa wema. Maradhi na sumu havihitaji baruti. Wala sidhani babu zetu wangeshinda kama wageni wangekuja bila bunduki zao: farasi, chuma, ndui na ugomvi wetu wenyewe vilitosha.

Lakini kitu ninachokipenda zaidi ni cha zamani sana, na kingeweza kuzaliwa kwetu, maana sisi ndio mabingwa wa kusokota. Ni kombeo linaloshikwa na mbao badala ya mkono. Unatengeneza fremu imara, kama kitanda. Unapitisha katikati fungu nene la kamba za singa, unalisokota hadi linalia. Ndani ya fungu hilo unachomeka mti mmoja, na nchani mwa mti unafunga kombeo. Unauvuta mti nyuma, unauachia. Nguvu yote iko kwenye msokoto. Nimechora, mchoro upo ndani ya bahasha hii, na vipimo nimeviweka kwa sababu mkono wangu haujui kuchora bila vipimo. Ni tabia ya ufundi.

Udhaifu wake ni unyevu. Kamba zikilowa hulegea, na mtambo wote huwa kitanda kweli.

Mama yako aliponyamaza, hakusema kitu?

Leoncio

*

Kochapata, 30 Novemba 2003

Baba Mdogo, shikamoo.

Mchoro umefika. Tunashukuru. Mama anakusalimu, anasema njoo haraka, viungo havingojei. Nyasi za paa zimekaa vizuri, harufu yake ungeipenda.

Hapa kazi ni nyingi na nitaandika kifupi. Nemesio anauliza: singa za mkia wa farasi na sufu ya shingo ya lama, ipi inashika msokoto zaidi? Na kama mtu akizipaka kamba mafuta ya lama, unyevu utaingia?

Mvua bado.

Eulalia

*

Montevideo, 4 Januari 2004

Eulalia, mwanangu,

Barua yako ya Novemba imefika leo, siku ya Jumapili, amekuja nayo mpangaji mwenzangu aliyeichukua kimakosa wiki iliyopita. Nawatakieni mwaka mwema. Don Severino tumemzika kabla ya Krismasi.

Mtu anayetaka kujua tu haulizi habari za mafuta.

Tafadhali msiupeleke mtambo ule Suyumoko. Kama mmeujenga, muufanye kuni. Sikuandika vizuri, niliandika kama mtu anayejisifu. Nisikilizeni: kombeo ni la kila mtu, na mawe ya makombeo yote yanafanana yakiwa hewani. Mtambo ni mmoja. Kila mtu uwanjani atauona ukivutwa, ataona nani anauachia, na ataliona jiwe linakwenda wapi. Jiwe hilo litakuwa na mwenyewe. Mnaelewa? Mkifikiri kuhusu umbali na uzito hamtaona hatari. Hatari iko kwenye jina.

Nilijaribu kupiga simu dukani wilayani, Bibi Ofelia akinisikilizia. Anasema kuna mlio tu, waya zimeanguka.

Najipa moyo kwamba Januari kwetu ni mwezi wa mvua.

Baba Mdogo wako

*

Montevideo, 14 Machi 2004

Eulalia,

Salamu. Hujaniandikia tangu Novemba. Bibi Ofelia ameshuka kila asubuhi kutazama sanduku la barua hadi mleta barua anamdhania ni mchumba wangu.

Tiketi ya basi hadi La Paz, njia ya kurudi kwetu, nimeiulizia. Sijainunua. Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie hata kama ni kibaya.

Leoncio

*

Kochapata, 4 Aprili 2004

Baba Mdogo, shikamoo.

Nisamehe kwa kunyamaza. Kila nilipoanza kukusalimu niliona siwezi kuandika "hatujambo".

Barua yako ya Januari ilifika Februari, wiki ya kanivali. Ilikuwa imechelewa.

Mvua haikunyesha, Baba Mdogo. Msimu huu mzima haikunyesha. Siku ya Mtakatifu Sebastian, tarehe ishirini Januari, tuliubeba mtambo kwa punda wawili na kuusimamisha nyuma ya mawe ya upande wetu. Mbao za mkaratusi, kamba nilisuka mimi. Waylani walipouona walicheka hadi wakakaa chini. Wanawake wao wakaimba hapohapo, "Kochapata wamechoka, wameleta kitanda!" Mmoja akapaza sauti, "Nemesio, umekosa mke ndiyo umekuja na kitanda kumtafuta?" Hata sisi tulicheka. Nemesio akawainamia kama mcheza ngoma.

Jiwe la kwanza lilipita juu ya vichwa vyao likaangukia mbali kule kwa farasi wao. Kicheko kikaisha. La pili likafanya hivyohivyo. Walianza kurudi nyuma, na wazee wetu, Baba Mdogo, ungewaona, walikimbia mbele kama vijana. Mzee Fabián alitupa fimbo yake. Nikasema moyoni, mwaka huu tutakula.

La tatu Nemesio alilipunguzia msokoto ili liangukie katikati, mahali palipokuwa wazi. Alitaka kuwatisha tu, nakuapia. Mtu mmoja aliruka kutoka nyuma ya mwamba akakimbia kuja kwetu, akizungusha kombeo lake. Sote tuliliona jiwe likienda, na tulimwona yeye akija, na palikuwa na muda wa kupiga kelele. Nilipiga. Alikuwa Tiburcio Chuctaya, yule anayeuza chumvi sokoni, anayewachekesha watoto kwa kutikisa masikio.

Jiwe lilimwua palepale. Hakuna aliyekwenda kula wala kunywa. Kisha mtu wa Waylani, mzima kabisa, hajalewa, akauliza kwa sauti, "Jiwe la nani?" Sijawahi kulisikia swali hilo likiulizwa Suyumoko. Na kila mtu alimtazama Nemesio, hata watu wetu.

Siku ya tatu mama yake Tiburcio, Mama Paulina, alikuja hadi mpakani akasimama akatuita. "Mmengoja miaka ishirini! Mmemngoja akue, mkamchagua yeye kati ya wote!" Sikuelewa. Nilikwenda kumuuliza mama. Ndipo akaniambia kwamba risasi iliyomwua baba haikuwa ya askari waliokuwa wakipita, kama tulivyoambiwa utotoni. Ilikuwa ya Hilario Chuctaya, baba yake Tiburcio, aliyepewa bunduki na askari na kuja nayo uwanjani. Akasema kijiji kizima kilijua, na kwamba wewe ndiye uliyewaapisha wasituambie. Hakutaka kueleza zaidi. "Muulize mwenyewe," alisema.

Sasa nani atakayeamini kwamba hatukujua? Nemesio amejificha juu kwenye malisho ya alpaka. Wamechoma vibanda vyetu viwili vya wachungaji. Wametuma neno: hadi siku ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa Juni, tumtoe, la sivyo watakuja kumchukua, na safari hii hawatakuja na makombeo. Na vijana wetu walioko migodini wamesikia, wanasema watakuja na baruti ya kupasulia miamba.

Chumba chako kimekwisha. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Eulalia

*

Montevideo, 2 Mei 2004

Mwanangu Eulalia,

Nakusalimu, na namsalimu mama yako, ambaye ametunza ahadi kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili kumwomba. Mwambie simlaumu.

Umeambiwa kweli. Baba yako Anselmo alipouawa kwa risasi, kila mtu aliona moshi ulikotoka, na kila mtu alijua zamu ni ya nani. Kaka ameuawa, mdogo analipiza kisasi. Watu wetu walinitafutia bunduki wenyewe, wakainyoosha juu ya blanketi mbele yangu, wakakaa kungoja. Hilario alikuwa na mtoto mchanga, ndiye Tiburcio. Nilimwona mkewe kisimani amembeba mgongoni. Nilijua nikimwua Hilario, mtoto yule atakua, na atakuja kumtafuta Nemesio. Basi niliwaapisha mama yenu na wazee kwamba ninyi watoto hamtaambiwa, nikaiacha bunduki palepale kwenye blanketi, nikapanda lori la viazi. Waliniita mwoga. Niliwaacha waniite. Hilario alikufa kwa homa yake mwenyewe, na ile zamu ikabaki bila mtu wa kuitimiza.

Sikukuambia kwa sababu kukuambia kulikuwa ndiko kuianzisha upya. Sasa naona kwamba kama mngejua, mngewaangalia Waylani kwa uangalifu zaidi. Sijui. Nimelipindua jambo hili kila upande na kila upande lina makali.

Nimeichoma ile kazi yangu ya kuandika, isipokuwa ukurasa mmoja uliokuwa na hesabu ya Bibi Ofelia nyuma. Niliamini kwamba tatizo lilikuwa baruti.

Sasa fanya ninalokuomba, na usibishane nami, maana barua ya kubishana itafika baada ya Mtakatifu Yohana. Waite wazee wa pande zote mbili mpakani. Mama Paulina awepo. Waonyeshe mchoro, wauone mwandiko wangu na vipimo vyangu. Kisha wasomee maneno haya, kama yalivyo:

"Mimi Leoncio Yucra, ndugu wa Anselmo, nilidaiwa kifo cha Hilario Chuctaya, nami nikaenda mbali. Mlidhani nimesamehe. Sikusamehe. Nilitafuta vitabuni silaha ya kufika Suyumoko bila miguu yangu. Niliuchora mtambo, nikautuma kwa watoto wa kaka yangu, ambao hawakujua lolote, nikawaambia ni mchezo. Niliwaambia wasimame wapi na walenge wapi. Nemesio alikuwa mkono tu, na mkono hauulizwi. Jiwe ni langu. Kifo kwa kifo, tumelingana. Kama mnataka zaidi, mimi niko Montevideo, na yeyote atakayeniona nimekanyaga ardhi ya Kochapata au Waylani ana ruhusa yangu."

Usiongeze neno. Wakikuuliza kama ni kweli, sema ni mwandiko wangu. Hilo si uongo.

Leoncio

*

Kochapata, 27 Juni 2004

Baba Mdogo, shikamoo.

Mama anakusalimu. Nemesio anakusalimu; yuko nyumbani, amekonda, anakula kama aliyefufuka. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Tulikutana mpakani, mkesha wa Mtakatifu Yohana. Nilisoma mwenyewe. Nilisoma kama ulivyoniagiza na machozi hayakunitoka mpaka pale pa "mkono hauulizwi".

Nilipomaliza, Mzee Fabián wetu alivua kofia. Akasema, "Kumbe. Miaka yote hii tulimwita mwoga, kumbe alikuwa mwanaume." Na wengine wakaitikia, "Ndiyo, alikuwa mwanaume." Walifurahi, Baba Mdogo. Walikusifu. Nilitaka kuwarushia mawe.

Mama Paulina alichukua mchoro akautazama kwa muda mrefu, ingawa hajui kusoma. Kisha akanitazama mimi.

"Mbona unalia?" akaniuliza.

"Ni baba yangu mdogo."

"Leoncio nilimfahamu," akasema. "Alikuwa akichunga upande ule na sisi upande huu. Mwanakondoo wetu akivuka, alikuwa anambeba kumrudisha." Akaukunja mchoro, pole pole, akautia kifuani. Wanawe wengine walikuwa wamesimama nyuma yake na marungu. "Haya. Mwambie jiwe lake nimelipokea. Mwambie asirudi." Akawageukia wanawe. "Mmesikia? Limepata mwenyewe. Twendeni nyumbani."

Walikwenda. Nadhani alijua kwamba si kweli. Sitamuuliza kamwe.

Mtambo tumeuchoma. Kamba zile zilikataa kushika moto kwa jinsi zilivyosokotwa, zikabaki zinatoa moshi hadi kesho yake.

Nemesio anataka kwenda kuwaambia ukweli. Kila siku asubuhi anavaa viatu ili aende, na kila siku mama anakaa mlangoni. Mwandikie kitu. Mimi nimeishiwa.

Chumba nakifagia. Dirisha linaonyesha uwanja wote, hadi miamba ya upande wao. Nifanye nini nacho?

Mwanao,
Eulalia

*

Montevideo, 8 Agosti 2004

Mwanangu Eulalia,

Salamu kwako na kwa mama yako, amwache Nemesio atoke, goti lake lisipate baridi ya kizingiti.

Mwambie Nemesio avae viatu vyake aende shambani. Ukweli wake ni wake, lakini mwenye kuudai ni Mama Paulina, na yeye hajaudai. Januari ikifika wasimame wote Suyumoko na makombeo, wachache walivyo, na wakishindwa washindwe.

Nakushukuru kwa kusoma bila kuongeza neno. Najua ilikugharimu. Kofia ya Mzee Fabián usinisimulie tena.

Hapa ni baridi. Bibi Ofelia amehamishia jiko dogo chumbani kwangu na sasa anakuja kukaa nalo, anasema ni jiko lake. Tunacheza karata. Ananishinda.

Kile chumba usikifagie bure. Msimu wa kukausha viazi kwa baridi umekwisha, mwaka huu mtakuwa na vichache, lakini mwakani Mungu akipenda vitazidi. Viwekeni humo. Dirisha msilizibe. Viazi vikavu vinataka hewa.

Baba yako mdogo,
Leoncio